Zamu za Daktari Hrynko

Jumatatu, 5 Februari

Winnipeg, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Kope zimegandana. Ripoti ya figo inatakiwa Ijumaa saa sita mchana. Vioo sitini vyenye vipande vya figo, vya kupimwa kwa hadubini, nimemaliza ishirini. Nisipoiwasilisha, mkataba hauongezwi, kibali cha kukaa hapa kinakwisha, na mke wangu Dilini na mtoto hawaji Aprili. Miaka miwili sijawaona!

Hadubini moja, watafiti tisa, kila mtu zamu mbili kwa wiki, unajiandikisha kwenye karatasi mlangoni. Zamu moja, vioo kumi. Zangu ni kesho na Alhamisi. Hazitoshi. Bertrand Gauthier, jirani yangu wa meza, ana zamu mbili na kazi alishamaliza. Kumwomba yeye? Bora nife.

Nimepata dawa. Nimemwandikisha mtafiti mgeni: Daktari Olena Hrynko wa Edmonton, Jumatano na Ijumaa. Hayupo duniani. Zamu zake nitazitumia mimi. Nuwan, wewe ni kichwa!

Jumanne, 6 Februari

Bi Penner, katibu wetu, ameiona karatasi. Kasema mgeni hagusi hadubini bila mtihani wa usalama, tena afanye leo, kwa kompyuta. Nikamfanyia. Saa tatu nzima za moto, tindikali na miwani ya kinga! Zamu yangu mwenyewe ikapita nikiwa humo. Hrynko kapata tisini na sita. Mimi mwaka juzi nilipata sabini na moja. Nimeona wivu, sitaficha.

Vioo: ishirini.

Jumatano, 7 Februari

Balaa. Profesa Kowalchuk, mkuu wetu mwenye asili ya Ukraine, kasikia jina la Kiukraini, kafurahi kama kapata ndugu. Kaja na sufuria ya pierogi za mgeni, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani. Bertrand kaweka kiti mlangoni, akae alinde hadubini, eti mtu asije akamwibia mgeni zamu yake. Nikasema nichungulie kidogo tu wakati tunamsubiri. Akanijibu kwa upole kabisa: “Nuwan, kaka, huo si ustaarabu.”

Tukasubiri asubuhi nzima. Hadubini inatutazama, sisi tunaitazama. Ikabidi niseme amenipigia, barabara imefungwa kwa theluji. Wakamhurumia sana. Mimi hakuna aliyenihurumia. Pierogi nimekula saba, kwa uchungu.

Alhamisi, 8 Februari

Profesa kaniita. Kasema maskini Olena kapoteza zamu kwa theluji, basi nimwachie yangu ya leo, sisi tuliotoka mbali tunajua ugeni ulivyo. Ningesemaje? Nikasema kwa furaha kabisa, Profesa. Hata nikatabasamu!

Bertrand akarudi kitini. Nimejifungia chooni nikalia. Si kwa ajili ya vioo. Nimekumbuka mtoto alikuwa hajaanza kutembea nilipoondoka.

Ijumaa, 9 Februari

Saa mbili asubuhi nimekwenda kwa Profesa, nikamwambia yote. Kasema ningeomba muda Jumatatu, angenisainia wiki mbili papo hapo. Kila mwaka kuna anayeomba. Ila sasa hawezi kuweka sahihi yake chini ya jina la mtu aliyemfanyia mzimu mtihani. Mkataba mwisho Machi.

Bertrand kanifuata kwenye ngazi. Hakucheka. Laiti angecheka! Kasema: “Si ungeniambia tu? Zamu zangu zote mbili ningekupa, mimi nilikuwa nakaa bure.” Akanishika bega akaondoka.

Saa sita imepita. Vioo ni vilevile ishirini.

Jumamosi, 10 Februari

Dilini kapiga simu kutoka nyumbani Kurunegala. Kauliza kama ripoti imefika. Nikasema imefika, wameipenda. Kauliza kama Jumatatu aende chekechea akamwondoe mtoto, maana mwalimu anataka kujua mapema, na kiti chake kuna anayekisubiri. Nyuma yake mtoto alikuwa anaimba wimbo wa ndege. Nikasema aende.

Nina huzuni kubwa, lakini mambo si mabaya kiasi hicho. Kuna profesa mmoja wa Halifax, mzee mwenye mvi, mtu wa heshima, anayezijua figo kuliko wote. Ataniandikia barua nzito ya kunisifu, nipate kazi kwingine kabla ya Aprili. Kesho nitamtafutia jina.