Malalamiko Kuhusu Filamu Ulizosema Zinamfaa Hata Mtazamaji wa Kawaida

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Filamu,

Pokea heshima zangu. Mimi ni fundi cherehani. Uliandika kwamba filamu za kisurrealisti, zile za zamani zinazokwenda kama ndoto, zinamfaa hata mtazamaji wa kawaida. Nikajua umenisema mimi. Nikakodi ya kwanza. Sasa nina malalamiko.

1. Mwanzoni tu, bwana mmoja anavaa koti ambalo mikono yake imeshonwa ikazibwa. Hakuna anayeuliza fundi ni nani. Nilisimamisha filamu nikaikagua mishono. Ni mizuri kuliko yangu, na hilo limenikera zaidi.

2. Kisha farasi ananyolewa kwa kinyozi, mlango unafunguliwa, kumbe ndani ni bahari. Nilidhani diski ina mikwaruzo. Nimeirudisha dukani mara tatu ikasafishwe. Mwishowe muuza diski alinishika bega, akasema diski ni nzima, labda nijiangalie mimi.

3. Hili ndilo kubwa. Marehemu mke wangu alikuwa akisinzia katikati ya kila filamu, miguu yake mapajani mwangu. Akizinduka, huuliza yule ni nani na huyu analilia nini. Nami humweleza. Katika ndoa yetu, hiyo ndiyo elimu pekee niliyomzidi. Filamu yako imenipokonya hata hiyo. Angezinduka akaniuliza habari za farasi, ningemjibu nini?

4. Kwa hiyo naomba filamu zote zisizoweza kuelezwa kwa mtu aliyesinzia zipigwe marufuku. Ikishindikana, njoo wewe mwenyewe Jumamosi, ukae upande wake wa kochi, usinzie, uzinduke, uulize. Miguu si lazima.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa mchora katuni. Mke wangu alikuwa akizikata katuni zake gazetini na kuzibandika jikoni.

Wako katika kutoelewa,
Fundi wa mkabala na posta

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alipita kunijulia hali. Nikamwekea ile filamu ili awe shahidi wangu. Akauliza kila kitu. Nikamweleza farasi ni mtoto wa nani na bahari imeingiaje humo ndani, yote nikitunga, na filamu haikunipinga hata mara moja. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Sijaongea hivyo tangu mazishi. Tafadhali usiichapishe barua hii. Jumamosi anarudi, na anataka tutazame mbili. Niambie zipi ndizo hazieleweki kabisa.