Kima, Bibi na Jani Langu

Alhamisi, 19 Septemba
Leseni nimepata! Jaribio la tatu, lakini kadi yenyewe haisemi. Balaa ni lile jani la kijani na njano, alama ya sumaku. Sheria inataka dereva mpya alibandike kwenye gari mwaka mzima, dunia nzima ijue hajakomaa. Binamu Kyohei kaliona, kacheka hadi kakaa chini. Kauliza nepi nimevaa au nimesahau.

Ijumaa, 20 Septemba
Wiki ya kuzuru makaburi. Jumapili Bibi Fusae atampelekea Babu ohagi mlimani, yale mabonge ya wali yaliyovikwa maharage matamu. Kyohei kajitolea kuendesha. Bibi kamjibu mbele ya jirani: dereva wangu ni Isamu. Mimi! Aa! Kyohei kanywea. Sharti moja tu: mlimani vioo vifungwe, kima wa kule hawana adabu. Nikasema watanipisha.

Jumapili, 22 Septemba
Naandika nikiwa kabatini. Sitoki.

Kona ya kwanza nilibandua jani, nikalitupa kiti cha nyuma. Kioo chini, kiwiko nje. Bibi kanionya mara mbili. Nikamwambia atulie, amekaa na dereva.

Kwenye mierezi, kima kama ishirini, katikati ya barabara! Nikasimama nipige picha ya kumkoga Kyohei. Mkono ukaingia dirishani. Halafu kima mzima, mapajani!

Nikatoka mbio. Bibi nikamwacha ndani. Miaka themanini na moja, mkanda kaufunga. Nayaandika nisije nikajidanganya baadaye.

Nyuma ya mti nikasikia mwavuli, pa! pa! na Bibi akifoka: "Ya mume wangu hayo, mshenzi wewe!"

Ohagi kumi na mbili, halikubaki hata moja. Kima mmoja alikaa juu ya gari akilitafuna jani langu, akaonja, akalitema. Bibi akaliokota, akalifuta kwa leso, akalibandika mwenyewe. Kaburini alimwagia Babu maji, akamwomba radhi kwa kuja mikono mitupu. Afadhali angenizaba kofi.

Jumatatu, 23 Septemba
Kyohei kaona mikwaruzo, kauliza. Bibi kasema eti yeye ndiye aliyenituma nikimbie kuita watu. Kanisitiri! Sikuweza kumtazama usoni. Nimeosha mchele, nimeponda maharage mpaka bega likalia. Kesho tunarudi. Jani libaki, vioo juu. Nimeapa kwa jina la Babu.

Jumanne, 24 Septemba
Asubuhi nilipita dukani, nikasimulia jinsi Bibi alivyonituma. Watu wakapenda. Nikasimulia tena. Mara ya nne mwavuli ulikuwa mkononi mwangu. Mara ya sita kima walikuwa arobaini, na aliyejificha nyuma ya mti ni Bibi.

Ananiita, ohagi yamo garini. Jani liko mfukoni. Kioo nitashusha nusu tu, kiwiko kipate hewa.