Saa ya Hamburg na Nikaha ya Yasmini

Jumatatu, 4 Juni 2012

Saa imefika! Shemeji Yusuf, kaka yake mke wangu Tabu, ameituma kutoka Hamburg. Si saa ya hivi hivi. Kila usiku inasikiliza mtambo wa redio huko Ujerumani, inajirekebisha yenyewe. Haiguswi! Nimekunja mkono wa shati, nimezunguka Tunduma nzima, nikapita kando ya foleni yote ya malori. Madereva watatu wameniuliza saa ngapi. Wawili nimewauliza mimi kama wangependa kujua.

Imekuja kwa wakati wake. Jumamosi dada yetu Yasmini anaolewa huko Mpemba, na walii wake ni mimi, kwa kuwa baba ametangulia mbele ya haki. Lakini ami ametangaza mbele ya watu: Athuman akichelewa, mdogo wake Uledi atamwozesha. Uledi! Mtu mwenye saa ya plastiki ya Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka, Zambia! Baba aliniachia mimi kazi hii. Nikiikosa sitajisamehe.

Kuchelewa kwangu kunatiwa chumvi sana. Harusi yangu mwenyewe nimechelewa mara moja tu.

Jumanne, 5 Juni

Saa iko nyuma kwa saa nzima. Bado inafuata Ujerumani, ambako msimu huu wanakwenda sawa na Zambia. Kishale kidogo kimelala kwenye N, yaani haikupata mawimbi. Tabu amesema kwa upole kwamba pembeni kuna kitufe, niisogeze tu. Nikamweleza kuwa saa inayojirekebisha ukiitia kidole unaivunjia heshima.

Uledi ameuliza kama nimehamia Zambia. Nikamwambia mcheka kilema hafi bila kumfika. Nimefika nyumbani ndipo nikagundua nimeiita saa yangu kilema.

Mpango: ungo. Nimeuchukua ungo wa Tabu, nikaubandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, nikauweka juu ya bati, saa katikati, uso kaskazini. Tabu ameuliza mchele wa harusi atapepetea nini. Sayansi ina gharama zake.

Jumatano, 6 Juni

IMEPATA! Asubuhi nimeiteremsha, iko sawasawa na saa ya msikiti! Kishale bado kiko kwenye N, nadhani kwa unyenyekevu. Kitufe kina alama ya rangi nyekundu. Kutu ya Ujerumani, bila shaka. Nimemwonyesha Tabu, ambaye mikono yake imejaa hina ya harusi tangu jana. Akasema hata yeye anaona ni kutu.

Chai ya leo ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Nampenda sana huyu mwanamke, ingawa mambo ya ufundi hayawezi.

Alhamisi, 7 Juni

Nimewaza: ikiwa juu ya bati inapata, juu ya mlima itapata mara mbili. Nimeirudisha nyuma mpaka saa za Ujerumani, ili jaribio liwe la haki. Hiyo si kuigusa, ni utafiti. Kisha pikipiki mpaka Ikinga, milimani Ileje, kwa rafiki yangu Gwalugano, mkulima wa kahawa. Ungo mgongoni. Watoto wa njiani wamenifuata wakidhani nauza.

Gwalugano amesema jogoo wake hajawahi kufika Hamburg na hajawahi kukosea. Wivu.

Ijumaa, 8 Juni

Mlima umeshindwa. Nimerudi na mafua. Tabu ameichukua saa aipanguse vumbi, akaingia nayo chumbani, akatoka nayo. Iko sawa kabisa! Kumbe vumbi!

Jioni Uledi amekuja na maneno yake. Sikuvumilia. Nimeirudisha nyuma mbele ya macho yake, nikaipandisha juu ya bati, nikamwambia kesho ataona maajabu. Tabu alikuwa mlangoni na mkoba wake, anakwenda Mpemba kulala na bibi harusi. Akautazama ungo. Akanitazama mimi. Akashusha pumzi.

"Baba Bushra," akasema, "nikaha ni saa nne kamili. Umesikia? Saa nne."

Uledi akafungua mdomo aseme jambo, Tabu akamkanyaga mguu. Mlango wetu ni mwembamba.

Jumamosi, 9 Juni

Nimemwozesha dada yangu!

Niliamka, saa ikasema saa mbili. Nikaangalia na simu, nayo saa mbili, ingawa ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia kama kawaida yake hapa mpakani. Mashahidi wawili! Nikapiga pasi kanzu bila haraka. Nimeingia Mpemba ikikaribia saa nne. Wote wameshakaa, shehe amekohoa, Uledi amevaa kofia mpya na anatazama mlango. Ami alipoiona sura yangu alisema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyeokoka ajali.

Nikaushika mkono wa bwana harusi. Nilikuwa nimeyakariri maneno wiki nzima, lakini katikati sauti ikakatika. Nilimwona baba. Upande wa pili wa pazia Yasmini alikuwa analia, nami nikalia, na Uledi, yule mwenye saa ya plastiki, akanipa leso yake huku naye anafuta macho kwa kiganja. Nikamalizia maneno yote. Sijapata kuwa na siku kama hii.

Jumapili, 10 Juni

Jambo la kusikitisha. Jana, wakati saa yangu inasema saa nne, ya ukutani kwa ami ilisema saa tano. Ya Uledi saa tano. Ya shehe saa tano. Hata kadi za mwaliko zimeandikwa saa tano! Mpemba nzima wamepotea, wanaishi mbele kwa saa nzima, na hakuna wa kuwaambia. Nimemweleza Tabu. Amecheka mpaka akakaa chini, akanishika shavu, akasema mume wangu hukosei.

Kesho tunasafiri kwenda Mbeya kwa mama mkwe. Tabu anasema basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tiketi inasema saa kumi na mbili. Hawa wachapaji wa mji huu!