Samaki wa Burudani, Mtani wa Kazini

Leo nimevuliwa nguo sokoni Manundu, na nguo nilikuwa nimezivaa. Nawaandikia hapa kwenye kundi mlisikie kwangu kabla Mama Zaina hajawafikia. Yule akisimulia ataongeza chumvi, na hii inayo tayari.

Mnanijua. Shule sikukaa, lakini mashine ya kusaga ya Kwedizinga ni yangu, na nyumba ya Korogwe nimeijenga kwa mikono hii. Basi nikasema na mimi nivue kwa starehe kama wakubwa. Nikakata leseni ya burudani. (Ile ya biashara ni ghali. Sikuwaambia.) Aliyenipa alinieleza vizuri: unachovua ule na watu wako, samaki mchanga umrudishe majini, kuuza marufuku. Nikaitikia. Kuitikia ni bure.

Asubuhi nikaenda mtoni upande wa Ngombezi na ndoano zangu, nikabahatika. Kambare, perege, ndoo ikajaa. Sasa nyumbani tuko mimi na mke wangu tu, tule mpaka lini? Nikaipeleka ndoo kwa Mama Zaina, mama lishe wa pale Manundu. (Ndiyo, si mara ya kwanza. Tulieni.)

Tukiwa katika kupatana, akaja binti mmoja nadhifu. Shikamoo mzee. Marahaba. Akajitambulisha kuwa ni afisa uvuvi mpya, kahamishiwa kwetu kutoka Tabora. Nikamuuliza kabila. Mnyamwezi.

Jamani, Mnyamwezi! Sisi Wazigua na wao ni watani tangu mababu. Mtani anakukamatia kuku wako uani, na wewe unacheka. Kwa hiyo aliposema, "Mzee, hawa samaki nawachukua, leseni yako hairuhusu kuuza," mimi nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu kalelewa.

Nikamjibu kwa sauti, soko lote lisikie: "Chukua, njaa ya Tabora naijua. Mimi nauza hapa kila Jumamosi, na wale wachanga ndio watamu. Sheria yako kawasomee kwenu!"

Watu wakacheka. Akauliza kwa upole, "Kila Jumamosi, mzee?"

"Kila Jumamosi. Muulize huyu mama."

Mama Zaina alikuwa ananikanyaga mguu. Nikadhani utani umemkolea. Nikaendelea, nikamwambia yule binti kwamba hata nikifa najua atakuja kulala kaburini mwangu, agome kutoka mpaka apewe chochote ndipo nizikwe.

Ndipo akatoa rula. Akawalaza perege wangu juu ya meza, mmoja mmoja, akiwapima. Wadogo kama viganja vya mtoto. Kicheko kikakatika. Akaniangalia, akasema taratibu:

"Babu, tutataniana jioni. Sasa hivi niko kazini, na umekiri mbele ya watu wote hawa."

Mimi, mwenye maneno! Nikapata "samahani, mwanangu," kwa sauti ya mgonjwa.

Leseni kaondoka nayo. Kesho niende ofisini kwake nikasikie kama nitarudishiwa au ndiyo basi. Samaki nao wamekwenda. Mama Zaina kapewa onyo, hanisemeshi. Nimerudi kwa njia ya nyuma, uso chini, na mke wangu alipouliza kitoweo nimemwambia mto umenikatalia. (Msimwambie. Kumbe naye yumo kwenye kundi hili. Basi tena.)

Wazigua wenzangu, mkimwona mtani, muulizeni kwanza anatoka kazini saa ngapi.