Maswali Kumi na Mawili ya Majira

Gazeti alipandisha miwani, akasafisha koo, akasoma kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima, na benchini, mbele ya kibanda chake, walikuwapo watu watatu tu.

"Wataalamu wanasema mtoto mchanga apelekwe kwa daktari siku zake za mwanzo. Wazazi wajiandae, waandike maswali. Na baba awepo."

Gazeti ni kinyozi. Kila asubuhi, kabla hajapata kichwa cha kunyoa, huwasomea wenzake habari wasizomwomba, na jina lake halisi lilishasahaulika. Leo alikuwa amechagua habari makusudi. Jirani yake, fundi saa waliyemwita Majira, alipata mtoto wa kwanza wiki iliyopita, na saa tano hii hii alitakiwa kumpeleka kwa daktari.

"Upuuzi mtupu," akasema Baba Saba, fundi wa kuchomelea mageti, baba wa watoto saba kama jina lilivyo. "Mtoto wa wiki moja ana maelezo gani ya kumpa daktari?"

"Anayetoa maelezo ni baba."

"Baba mwenyewe ndiye huyu? Tumekwisha."

Majira alivuta droo ya meza yake ya kazi akatoa daftari.

"Mimi nimejiandaa," akasema. "Sikilizeni. Alfajiri, saa kumi na moja na dakika nne, amenyonya dakika kumi na saba. Saa kumi na moja na ishirini na mbili, amekojoa. Saa kumi na mbili kasoro moja, amepiga chafya, mara mbili."

"Umempima na saa?" akauliza Gazeti.

"Mbili. Moja ya akiba. Juzi alichelewa kunyonya dakika sita, nimeweka alama."

"Wewe bwana, huyo ni mtoto, si saa ya mteja. Hebu nione. Eti 'hali alipopokelewa: mzima, kucha ndefu'. Mbona hukuandika na garantii?"

Benchi zima likaangua kicheko. Hata Shangazi, muuza kahawa, ambaye hucheka kwa nadra kwa kuhofia kumwaga, aliweka kikombe chini kwanza.

"Maswali yako wapi?" akauliza.

"Ukurasa wa mwisho. Kumi na mawili." Gazeti alipotaka kufunua, Majira akalinyakua daftari na kulikalia. "Hayo ni ya daktari."

Gazeti hakushindwa. Alijitupia taulo la kinyozi mabegani, akakunja uso. "Mimi ndiye daktari. Baba, mtoto ana uzito gani?"

"Kilo tatu na gramu mia moja."

"Ukimbeba unamwonaje, mzito au mwepesi?" akadakia Shangazi.

"Kilo tatu na gramu mia moja."

"Nimekuuliza ukimbeba, mwanangu."

Majira akaanza kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Shangazi akamtazama.

"Hujambeba," akasema.

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Wiki nzima?"

Majira akaweka lenzi chini. Aliona aibu, lakini aliona pia kwamba hapakuwa na pa kukimbilia. "Shangazi, mikono hii imezoea vitu vya kushika na kibano. Skrubu ikidondoka, naitafuta na sumaku. Mtoto nikimdondosha, nitamtafuta na nini? Nimeogopa. Shemeji ndiye aliyekuwa anambeba, na leo anarudi kazini. Mama mtoto kapasuliwa, mshono bado mbichi. Nimebaki mimi."

Gazeti akajivua lile taulo la udaktari, akaliweka mezani.

"Hilo ndilo linalokutoa jasho?" akasema Baba Saba, akikunja mikono ya shati. "Njoo kwa mwenye uzoefu." Akaichukua chupa ya kahawa ya Shangazi, akaifunga kwa taulo la Gazeti. "Huyu ndiye mtoto. Tazama." Akainyanyua kwa mpini, ikaning'inia.

"Baba Saba," akasema Shangazi polepole, "wale saba uliwabeba hivyo?"

Baba Saba akairudisha chupa mezani. "Mama watoto hakuniruhusu."

"Tangu lini?"

"Tangu wa kwanza. Alisema nimemtia begani kama mtungi wa gesi."

Kabla kicheko hakijaisha, mke wa Majira akatokea kwenye kona, akitembea taratibu, mkono tumboni. Mdogo wake alikuwa pembeni na mtoto, huku akitazama barabara.

"Shemeji, nimechelewa kazini. Mshike."

Gazeti akakumbuka viwembe vyake vinahitaji kusafishwa. Baba Saba akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Shangazi peke yake akasema, "Mkono mmoja kichwani. Shingo bado haijakaza."

Majira akapangusa viganja kwenye suruali, mara mbili, akapokea. Kisha akafanya kile anachofanya na kila saa inayoingia kibandani kwake: akamnyanyua polepole mpaka kifua cha mtoto kikafika sikioni.

"Inakwenda?" akauliza Shangazi.

"Inakwenda," akasema Majira. "Inakwenda mbio."

Mkewe akamtazama, akamshika kiwiko. Wakaondoka hatua kwa hatua.

Daftari lilibaki benchini. Gazeti, mambo ya watu yakimwasha kama kawaida, akafunua ukurasa wa mwisho na kusoma, safari hii kwa sauti ndogo: "Swali la kwanza mpaka la kumi na mbili: Je, baba anaweza kusubiri nje?"

"Yote ni hilo hilo?" akauliza Baba Saba.

"Yote. Mwandiko tu ndio unazidi kuharibika."

"Mwite," akasema Shangazi.

"Majira," akaita Gazeti. "Umesahau maswali yako."

Majira hakugeuka, asije akamwamsha mtoto.

"Kaa nayo," akajibu. "Sina mkono."