Makadirio na Ng'ombe wa Watu

Jumatatu, 14 Julai

Baridi kali. Saa tatu asubuhi ujumbe umeingia: nimeitwa kwenye usaili Alhamisi, kampuni ya maziwa ya Bwana Mustansir. Kazi ya msimamizi wa ukusanyaji maziwa vijijini. Nimeruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango. Kisha nikasoma mstari wa mwisho. Kutakuwa na maswali ya makadirio. Nikakaa chini.

Makadirio! Ndiyo yaliyonimaliza mara mbili. Hotelini waliniuliza Arusha inakunywa vikombe vingapi vya chai kwa siku. Nikasema samahani, sikuwepo. Kwenye kampuni ya utalii wakauliza mjini kuna matairi mangapi. Nikaomba kwenda msalani, nikatokea nyumbani Ngarenaro.

Hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Dada Ndeshi, ambaye nakaa kwake, amenitamkia hivyo huku akichambua mchicha, bila hata kuniangalia. Baba mdogo Solomoni anatafuta mtu wa kulinda nyanya zake kule Momela. Nikikosa kazi hii, Jumamosi naondoka. Nyanya zinalindwa dhidi ya nyati! Mwaka jana kibarua wake alikaa juu ya mti tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na nyati yuko chini anacheua. Mimi hata kupanda mti sijui.

Jumanne, 15 Julai

Balaa. Nathanaeli naye kaitwa. Tulisoma naye chuo. Anakaa Njiro kwa shangazi yake, ana ubao wa kuandikia chumbani, na hajawahi kutoka jasho tangu nimjue.

Amenipigia simu kwa huruma. Eti nianze na kile ninachokijua, nikadirie kaya, nizidishe, nigawanye, niseme kwa sauti ninavyofikiri. Eti jibu kamili hakuna anayelijua, wanaangalia njia tu. Nimemshukuru sana. Uongo mtupu! Nani atauliza swali ambalo mwenyewe hajui jibu lake? Anataka niingie mikono mitupu.

Nimekunywa chai mbili, akili ikafunguka. Kazi ni ya maziwa. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe. Basi swali litakuwa la ng'ombe. Wao wakadirie, mimi nitakwenda kuhesabu. Kesho napanda bodaboda hadi magharibi ya mlima, nahesabu kijiji kimoja, nazidisha. Naogopa, lakini kwa mpango.

Jumatano, 16 Julai

Mwandiko mbaya.

Nilikuta kundi zuri linatoka zizini. Nikapanda juu ya kichuguu, daftari mkononi, nikanyoosha kidole, nikahesabu kwa sauti ili nisipotee. Nilikuwa nimefika wa thelathini na saba mzee mmoja akatokea nyuma yangu, shuka jekundu, buti za mvua. Nikampa shikamoo. Akauliza nafanya nini. Nikamweleza kwa fahari, na idadi nikamtajia.

Uso wake! Alininyang'anya daftari, akachana ukurasa, akaukanyaga. "Wewe kijana, unawatakia kufa?" Wakatoka kina mama. Wakatoka mbwa. Nikakimbia. Ng'ombe nao wakashtuka wakakimbia njia ile ile, nyuma yangu. Kiatu cha kushoto kimebaki huko.

Dereva wa bodaboda alicheka hadi akashindwa kuwasha pikipiki. Ndipo akaniambia kwamba huku mifugo haihesabiwi, wala watoto. Wanaamini wakihesabiwa hupungua. Mwenye ng'ombe huwatazama tu jioni wakirudi, akajua nani hayupo. Mimi nimekulia Ngarenaro, ningejuaje? Kwetu hata mayai huhesabiwa mara mbili.

Sasa naogopa vitu viwili: usaili wa kesho, na ng'ombe yeyote atakayekohoa. Nimepiga magoti nikawaombea wote thelathini na saba. Halafu nikashtuka. Nimewahesabu tena!

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda nimevaa miwani ya Dada Ndeshi, nisije nikatambuliwa na mfugaji yeyote, na viatu vya jirani anayechomelea mageti. Viatu namba kumi, mimi ni wa namba nane. Dunia nzima ukungu.

Nathanaeli alitangulia. Mlango haukufungwa vizuri, nikatega sikio. Bwana Mustansir alimwambia kwamba mzee aliyekaa naye ni mwenyekiti wa wafugaji wanaowaletea maziwa. Je, bila kufika kwake, anakadiria mzee huyo ana ng'ombe wangapi? Swali langu! Nathanaeli akaanza: kaya, ekari, majani, asilimia. Akatoa ng'ombe arobaini na nane. Kisha mzee akasema asante, kijana. Sauti ile! Ndiye yule aliyenichania daftari.

Zamu yangu. Mbele yangu ukungu mweupe, Bwana Mustansir, na pembeni ukungu mwekundu. Swali lile lile. Na jibu ninalo, angalau la wale niliowawahi! Nikitaja idadi, mzee atanijua. Nisipotaja, nyati. Jasho likaangusha miwani. Nikajisikia nasema kwamba idadi siijui, ila wakitoka, wa mbele anafika barabarani na wa mwisho bado yuko zizini, vumbi lao linamficha mtu mzima, ardhi inatikisika, na ukiwaona nyuma yako huna haja ya kuambiwa ni wangapi.

Mzee alicheka hadi akafuta machozi. Akamwambia Bwana Mustansir kwamba hivyo ndivyo ng'ombe wa mtu wanavyosemwa, si kama yule wa kwanza aliyemtajia mali yake kama mtoza ushuru. Akaniuliza kundi kama hilo litajaza madumu mangapi ya maziwa. Nikasema, kwa woga, labda sita. Akasema ni sita.

Nilipokuwa natoka akanivuta shati. Anaitwa Mzee Yiamat. Akaninong'oneza kwamba kiatu changu kiko kwake, na mbwa hawajakimaliza.

Ijumaa, 18 Julai

Nimepata! Mwezi mmoja wa majaribio. Dada Ndeshi amenikumbatia, kisha akadai miwani yake.

Kazi yenyewe: jioni napita mabomani, natazama kundi linaporudi, napiga simu kiwandani kusema kesho gari lilete madumu mangapi. Mzee Yiamat ameweka sharti moja mbele ya watu wote. Nitazame, nisihesabu. Kidole kikae mfukoni, mdomo ufungwe. Nikihesabu tena, hakuna boma litakalonipa hata kikombe. Nimeapa.

Nathanaeli alipiga simu, mnyonge kabisa, kuuliza nilijibu nini. Nimemwambia siri ni kulijua jibu kabla hujaingia. Baba mdogo naye amenipongeza, ila amesema nafasi yangu Momela anaishikilia, mwezi si mrefu.

Jumanne, 22 Julai

Siku ya pili kazini. Jana nilitazama tu, kama nilivyoapa. Nikasema madumu manne. Leo asubuhi yamejaa manne, hakuna lililobaki tupu, hakuna tone lililomwagika. Kila mtu kafurahi. Mimi sikupata usingizi hata kidogo. Je, kama ningekosea? Maziwa yangemwagika chini, simu ingepigwa, na mimi huyo Momela. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa nyati, na nyati nawaogopa sana.

Kwa hiyo jioni hii nimeboresha mambo. Maharage robo kilo mfuko wa kulia. Ng'ombe akipita, harage moja linahamia mfuko wa kushoto. Kidole mfukoni, mdomo umefungwa. Sijavunja sharti hata moja! Yametimia maharage hamsini na mbili. Sijui hamsini na mbili ni madumu mangapi, lakini ni hamsini na mbili kamili.

Shida ni kwamba boma la leo lilikuwa la Mzee Yiamat. Alisimama kando yangu, akainamisha sikio. Akauliza ni nini hicho kinachogongana mfukoni. Nikasema funguo. Akawatazama ng'ombe wake, kisha akaitazama suruali yangu, kwa muda mrefu. Njia nzima ya kurudi nimejiuliza nimekosea wapi, na sasa nimepaona.

Kesho natumia mchele.