Mshauri wa Kijeshi wa Ukoo

Jumatatu, 4 Agosti

Eunike ameitwa! Mtoto wa dada yangu Tabitha. Usaili wa jeshi, Jumatatu ijayo, Moshi mjini. Watakimbizwa, watapimwa afya, wataulizwa maswali. Akipita anakwenda mafunzoni. Akikosa basi, maana mwakani umri utakuwa umemtupa. Na tangu yuko shule ya msingi hajawahi kutaka kitu kingine.

Mjomba ni mmoja tu, mimi, Elifuraha. Kumshauri ni kazi yangu. Nikavaa koti la kanisani, nikashuka kwa Tabitha kutoa nasaha. Namkuta nani kwenye kiti ninachokaaga? Leodegar! Sajenti mstaafu, jirani tunayepakana naye shamba, anakunywa chai. Tabitha kamwomba amwandae mtoto. Bila hata kuniuliza!

Nikamwambia dada kwamba jeshi na mimi nalijua. Akauliza nimelijulia wapi. Nikamkumbusha kwamba nilipanda Mlima Kilimanjaro na wanajeshi mpaka kituo cha Horombo. Akasema niliwabebea masufuria. Ni kweli, lakini nilikuwa nao.

Eunike alinisindikiza mpaka njiani. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama naona ataweza. Anaogopa, halali vizuri. Nikamwambia askari haogopi, na akiogopa asiseme. Akaitikia, ila uso haukutulia. Na mimi sijatulia. Nimezunguka migombani jioni nzima nikipanga mikakati, hadi mbwa wamechoka kunibwekea.

Jumanne, 5 Agosti

Mkakati wa kwanza. Nimeshuka mjini mapema, nimemnunulia Eunike buti za mitumba. Nyeusi, ngumu, zinang'aa. Ndogo kidogo. Muuzaji kaapa kwamba ngozi hutanuka.

Nikamvalisha. Nikambebesha mkungu wa ndizi begani, nikamwamuru apande mbio hadi kanisa la juu na kurudi. Mimi nikabaki kwenye jiwe, maana mwalimu lazima aone picha nzima. Ukungu ulikuwa mzito, sikuona chochote. Alirudi anachechemea. Nikauliza kama ameumia. Akasema hapana, yuko salama. Somo la kwanza limeingia! Nilifurahi mno nikaichoma ile ndizi yote.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa.

Asubuhi kwenye kituo cha maziwa watu walikuwa wanamsifu Leodegar. Sajenti hivi, sajenti vile, mtoto wa Tabitha kapata mwalimu. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Leodegar jeshini alikuwa analinda ghala la viazi. Sijui wazo hilo lilitoka wapi. Watu wakacheka sana. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kujaza ndoo.

Kabla maziwa hayajapoa habari zilikuwa zimemfikia. Akatuma ujumbe kwa Tabitha: samahani, mzee wa viazi hana cha kumfundisha mtu. Hatakuja tena.

Eunike hakunigombeza. Alikwenda nyuma ya zizi akalia. Afadhali angenigombeza. Leodegar alikuwa amemwahidi kumfundisha kupanga pumzi akikimbia na kumweleza wanayouliza, na sasa hana mtu. Nikamwambia nipo mimi. Akalia zaidi.

Tabitha aliongea kwa kifupi. Kesho niende nikaombe msamaha kwa adabu, na jani la isale mkononi, la sivyo nisikanyage tena jikoni kwake. Jikoni ndiko ninakokula.

Alhamisi, 7 Agosti

Yeyote mlimani hapa anajua: ukimkosea mtu unampelekea isale. Akiona jani lile mkononi mwako hawezi kukunyima msamaha. Nilikuwa na uhakika wa ushindi. Nikaamka na panga. Ukungu tena. Nikapapasa pembeni ya shamba, nikakuta isale refu, zuri, limenyooka. Wengine huchuma jani moja. Mimi nikalikata zima, kutoka chini kabisa, ili msamaha uwe mkubwa.

Nikafika kwa Leodegar nimelibeba begani. Shikamoo za heshima zote, ingawa hanizidi miaka mingi. Akalitazama lile isale. Akaligeuza. Akauliza nimelikata wapi. Nikaonyesha kwa mkono. Akanishika kiwiko, akanipeleka taratibu hadi kwenye kona ya shamba.

Yeyote mlimani hapa anajua pia kwamba isale ndilo tunalopanda mipakani. Hilo lilinipita. Nilikuwa nimekata alama ya kona ya kihamba chake, shamba la ukoo wao, iliyopandwa na babu yake.

Watu wakajaa. Ndelilio, mzee wa kanisa, akaitwa. Swali likawa zito: je, mtu anaweza kuombwa msamaha kwa isale lake mwenyewe? Wengine wakasema isale ni isale. Wengine wakasema hapa pana wizi wa ardhi. Bibi mmoja aliyekuwa anapita akataka nilipe mbuzi, na hata simfahamu. Mimi nilisimama katikati na lile isale, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Theodora, mke wa Leodegar, ndiye aliyeniokoa. Alianza kucheka taratibu, akaishia kukaa chini kwenye majani, anajifuta machozi kwa kanga. Leodegar akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Elifuraha, umenitukana, umeniibia, na umekuja kuniomba msamaha kwa mali yangu," akasema. "Sijui nianze kukasirikia wapi."

Akalipokea! Lakini kwa masharti. Nilipande upya palepale mbele ya mashahidi. Na hadi usaili nisifungue mdomo kumshauri Eunike. Nikakubali. Nikalipanda. Tabitha akasema nimelisogeza upande wetu. Nikaling'oa, nikalipanda. Ndelilio akasema sasa limesogea upande wao. Mara ya tatu ndipo wote wakaridhika, na mgongo wangu ukawa umekwisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimenyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu, maneno yamenijaa mdomoni.

Leodegar amekuja kumfundisha Eunike uani. Mimi nilikuwa nyuma ya mgomba, kwa shughuli zangu. Nikasikia Eunike akimuuliza afanye nini ili asiogope siku hiyo. Nikataka kujibu. Nikauma jani.

"Utaogopa tu," Leodegar akamwambia. "Hata mimi niliogopa, na siku ya kwanza kambini nililia chooni. Wewe kimbia nao huo woga, usisubiri uishe. Na ukiumia, sema. Anayeficha kidonda anawachelewesha wenzake."

Eunike akavua viatu. Mae! Malengelenge kisigino chote, mguu wa kulia umevimba. Buti zangu. Amekaa na maumivu yale tangu Jumanne kwa sababu nilimwambia askari hasemi.

Leodegar hakumgombeza mtu. Aliomba maji ya chumvi, akauosha mguu, akasema apumzike kabisa, Jumatatu wataona. Siku ya usaili anaweza kushindwa kukimbia, na ni kwa sababu yangu. Nilikaa nyuma ya mgomba hadi walipoingia ndani. Niliona aibu, nikaogopa pia.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani wamemwombea Eunike. Niliomba kwa ajili ya kisigino tu, mengine nimewaachia wao. Uvimbe umepungua, lakini bado anakanyaga kwa uangalifu. Tabitha kapika mtori wa ndizi. Nimeulizwa mara mbili kama naumwa, kwa sababu siongei.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku yenyewe. Tumeshuka wote. Uwanja umejaa vijana, na wazazi tumezuiwa nyuma ya kamba. Eunike kavaa raba zake kuukuu, kisigino kimefungwa kitambaa.

Ahadi yangu ilikuwa ya hadi usaili. Filimbi ilipolia, usaili ulikuwa umeanza. Kwa hiyo nilikuwa huru! Mzunguko wa kwanza alikuwa katikati. Wa pili akaanza kubaki nyuma, anauonea mguu huruma, uso umekunjamana. Moyo ukanipasuka. Nikaruka kamba, nikakimbia pembeni yake nikipiga kelele: kifua mbele, magoti juu, usinywe maji! Hakuna aliyempa maji. Askari mmoja akanifuata kunitoa. Nikageuka nyuma kumweleza mimi ni nani.

Mtaro ulikuwa mbele yangu. Nilitumbukia hadi kiunoni, kwenye tope, na koti la kanisani.

Uwanja mzima ulicheka. Nilipoinua kichwa nikamwona Eunike anapita. Alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika, na miguu inakwenda. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Alimaliza miongoni mwa waliochukuliwa. Daktari akaangalia kisigino, akauliza. Eunike akamweleza ukweli wote, buti na kila kitu. Akaandikiwa kwamba anafaa.

Alikuja kunitafuta pale nilipokuwa nakamua suruali.

"Mjomba, niliogopa hadi mwisho," akasema. "Niliogopa, nikakimbia hivyo hivyo. Ila ulipotumbukia, pumzi ilirudi."

Akanikumbatia na tope langu. Nililia. Leodegar aliona, akageuka upande mwingine kama anatazama mlima. Mlima haukuonekana, ulikuwa umefunikwa na mawingu.

Jumanne, 12 Agosti

Watu wamemiminika kumpongeza Leodegar. Sawa. Mimi nimekaa peke yangu, nikatafakari kwa kina, na nimepata jambo. Mtoto alikuwa anashindwa. Nikatumbukia. Akashinda. Sasa nani alimpitisha? Sisemi kitu, lakini ushahidi uko wazi.

Jesse, mtoto wa Theodora na Leodegar, kaniambia kwa siri kwamba naye anataka kujiunga, lakini upande wa wanamaji. Baba yake bado hajui. Kuogelea hajui. Na mimi sijui, ila uzoefu ninao. Nimemwambia tukutane Alhamisi asubuhi kwenye majaruba ya mpunga kule Mabogini. Maji ya pale yanafika magotini, tutaanzia hapo. Nimemwambia pia asimwambie mtu.